Mji Usio na Maji

Ijumaa, Agosti 2005

Na mimi nikasema "asante" tu. Tangu Januari natafuta mtu wa kujenga naye ulimwengu wa mchezo wangu wa kompyuta, ule wa maandishi matupu, usio na picha hata moja. Leo nimempata, nikasema asante.

Wanjiru wa darasa letu alisoma daftari langu lote la mchezo huo wakati wa chakula cha mchana. Wengine husifu majoka na kulirudisha. Yeye alikunja uso.

"Sasa wewe, mji una malango saba na hakuna mahali pa kuteka maji. Hawa watu wako wanakunywa nini, umande?"

"Sikufikiria."

"Utafikiriaje na kwenu Loresho ni kufungua mfereji tu? Kuja kwetu Kabiria ubebe mtungi."

Alicheka, lakini si kwa dharau.

Shule imefungwa leo jioni kwa likizo, na sina hata nambari yake ya simu. Ningeweza kuchimba kisima mwenyewe kwa sentensi mbili. Sitaki. Nataka yeye ndiye aseme kiko wapi, nani hufika wa kwanza alfajiri, nani hugombana kwenye foleni.

Mwezi mzima. Na maneno yenyewe, "tujenge pamoja", yalikuwa tayari mdomoni.