Babu Yako Agombana na Mzungu wa Kitabuni

Tufool, mjukuu wangu kipenzi,

Kitabu ulichotununulia huko Uingereza kimefika huku Ibra, Omani, salama. Kumbe enzi za Malkia Viktoria walichapa mfululizo mzima wa vitabu vya safari, kwa bei rahisi, hata masikini asafiri na yuko kitini pake!

Kila alasiri, baada ya kahawa na tende, namsomea babu yako ile safari ya Unguja, huku namfasiria. Basi hugombana na Mzungu aliyekiandika: "Muongo! Njia ya Mkunazini haipiti huko!" Nacheka mpaka kanga inanianguka. Tuletee na vingine.

Jana alikasirika kweli, akanishika mkono. "Muulize mke wangu Mahfudha. Yeye kazaliwa Mkunazini."

Nikamwambia, "Haya, nitamuuliza."

Bibi yako akupendaye,
Mahfudha