Ulichomwambia Mchungaji Wako

Dada yangu Riziki,

Nimesikia umeolewa huko Kalemie, na kwamba uliulizia hali yangu kwa shangazi. Kwa kuwa umeuliza, nitakujibu mwenyewe.

Wewe ni mtoto wa mama mkubwa, lakini ulikulia kwetu Kimanga, tukalala kitanda kimoja. Mama yangu aliacha kanisa lenu alipoolewa na baba, akawa Mwislamu, ila hakukuzuia hata siku moja kwenda kwaya. Unakumbuka alivyokuwa akikupigia pasi sketi yako nyeupe kila Jumamosi? Na wewe, mwezi wa Ramadhani, ulikuwa unakula muhogo wako nyuma ya jiko ili nisikuone. Nilikuwa nikikuambia, "Kula tu hapa, minye siko na shida." Ulikataa. Nilijua unanipenda.

Ndiyo maana uliposema kundi letu la vijana litembeleane katika ibada, nilikuwa wa kwanza kukubali. Tulikuwa tumezibua mifereji pamoja baada ya mafuriko, Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, wote na matope magotini. Kwa nini tusiketi pamoja kwenye sala? Wewe mwenyewe uliweka sharti: mgeni anakaa, anasikiliza, hakuna kumwita mbele.

Mlianza kwetu msikitini, siku ya Ijumaa. Baba alitangulia kumwona imamu, akamwomba asiguse dini za wageni. Mlivua viatu, mkakaa nyuma kimya. Deo wa Sange alisinzia, tukamcheka njia nzima.

Siku chache baadaye mimi na wewe tulikwenda ziwani kufua. Hapo nilikuambia jambo ambalo hata baba hakulijua: tangu mama afe, natandika mswala, nainama, maneno hayaji. Nakaa kidogo, naukunja. Ulinikumbatia kwa mikono yenye sabuni, ukasema, "Hii inabakia yetu sisi wawili."

Kisha ikaja Jumapili yenu. Katikati ya nyimbo mchungaji alinyamazisha watu, akashika maikrofoni, akafumba macho. "Musichana moja iko hapa. Mama yake alishakufa. Anatandika muswala, anaukunja, maneno haiji. Bwana ananionyesha yeye."

Kanisa zima likapiga kelele za sifa. Waliamini ni unabii. Mimi nilikutafuta kwa macho kwenye kwaya. Ulikuwa umeinua mikono, na ulipoona nakutazama, ukafumba macho.

Wamama wawili walinishika wakanipeleka mbele. Mmoja alinivua kitambaa cha kichwa, kwa upole kabisa, kama mtu anayenisaidia. Mchungaji akaweka mkono juu ya nywele zangu, akatangaza kwamba nimeokoka. Sikuwa nimefungua kinywa.

Ni Deo, yule Mkatoliki asiyesema sana, aliyeinuka. Alitembea polepole hadi mbele. "Pasta, huyu ni mugeni wetu. Alikuja kusikiliza tu." Akachukua kitambaa mkononi mwa yule mama, akanipa. Tukatoka, na karibu kundi lote likatufuata. Wewe ulibaki kwenye kwaya.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilidhani baba atanifokea. Aliuliza tu, "Mambo ya mswala wako, nani aliwaambia?" Nilitazama nguo zako kwenye kamba. Alinitazama, akaelewa, akaingia ndani bila kula.

Ulipokuja kuchukua nguo zako nilikuuliza kwa nini. Ulilia. "Nilitaka tuwe wote mbinguni. Minye, weye na mama."

"Mama alikufa Mwislamu," nikakuambia.

Ukainamisha kichwa. Riziki, hapo ndipo uliponiumiza kuliko kanisani. Nilielewa kwamba miaka yote ile, ukila ugali wa mama, ukivaa sketi aliyoipiga pasi, moyoni ulikuwa umeshamweka motoni.

Kundi halikufa. Deo alitupeleka kwenye misa kwao Sange. Watu walipoinuka kwenda kukomunika nilibaki kwenye benchi, na bibi mmoja aliyekaa karibu nami akasogeza magoti wengine wapite, kisha akanitabasamia. Hakuna aliyenivuta. Hata hivyo nilishikilia kitambaa changu cha kichwa kwa mikono miwili, mpaka misa ikaisha. Hilo nalo umenipa wewe.

Baba anasema ukija na shemeji atawachinjia kuku. Njoo. Nitapika, nitakutandikia kitanda, nitakusindikiza kwenye kaburi la mama ukitaka kwenda. Lakini ukiniuliza ninavyoendelea na sala zangu, nitakuambia ninaendelea vizuri, kama ninavyomjibu mtu yeyote ninayekutana naye barabarani.

Msalimie shemeji.

Mimi,
mtoto wa mama yako mdogo