Maelezo ya Bi Pindo Kuhusu Mwalimu wa Mawimbi

KITUO CHA POLISI, UFUKWENI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, anajulikana kwa jina la Bi Pindo
Umri: miaka sitini na tisa
Kazi: fundi cherehani
Makazi: kwa mwanawe wa kwanza, kwa wiki hii familia imepanga nyumba karibu na ufukwe
Shauri: malalamiko ya mwanawe huyo dhidi ya mwalimu wa mawimbi
Siku: Jumapili, saa kumi na mbili jioni

Afande ameniuliza kama natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimemjibu kwamba nimeyakimbilia. Mwanangu alitaka nikaoge na kupumzika kwanza, maana nina tope hadi kiunoni, lakini mwalimu wa mawimbi yuko mahabusu kwa sababu yangu, na mimi si mtu wa kwenda kuoga wakati mwenzangu amekalishwa sakafuni kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mimi ni mjane. Tangu mume wangu afariki, watoto wangu wananichunga kama yai. Naulizwa nimekula, nimemeza dawa, nimetoka saa ngapi na nimerudi na nani. Silalamiki. Huyu wa kwanza, baba yake alifariki yeye akiwa safarini, akaja kuambiwa asubuhi yake, na tangu siku hiyo simu haiwezi kuita bila yeye kushtuka. Afande alisema hilo halihusiani na shauri hili. Nikamwambia aandike tu.

Leo baada ya chakula cha mchana nyumba nzima ililala. Mwanangu alikuwa kwenye kochi, mdomo wazi, redio inajisemea peke yake. Nilisimama mlangoni kwa mkwe wangu nikamwambia, "Mkwe, nakwenda kunyoosha miguu." Akajibu, "Haya mama, usiende mbali." Alijibu akiwa usingizini na naomba asilaumiwe. Ilikuwa saa nane, redio ndiyo kwanza inaanza taarifa ya habari.

Nilipita uchochoro wa nyuma ya maduka ya nguo za kuogelea, nikatokea ufukweni. Jua lilikuwa kali lakini upepo ulikuwa mzuri. Mahali mbao za kuteleza mawimbini zimesimamishwa ukutani kuna kibanda, na mbele ya kibanda nilimkuta mwanamke wa kama miaka thelathini amepiga magoti anasugua ubao kwa nta. Mimi nta naijua, tunaipitisha kwenye uzi usikatike hovyo. Sikujua kama inapakwa pia ili mtu asiteleze. Nikasimama kuangalia, na yeye akainua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hilo jambo linafanywaje?"

"Lipi, mama?"

"La kusimama juu ya maji."

Akacheka. "Kusimama ni baadaye. Kwanza mtu analala kifudifudi juu ya ubao."

"Kulala ndiyo kazi niliyopewa na wanangu. Basi niko tayari."

Alidhani natania. Alipoona sicheki, aliacha nta, akaanza kuniuliza maswali ya maana: moyo, presha, mgongo, kama najua kuogelea. Nilimjibu kweli. Presha ninayo na dawa nimeshameza, mgongo ni wa fundi cherehani, na kuogelea najua kwa kuwa nimekulia kando ya mto. Akasema hatutavuka maji ya kiuno na hataachia ubao hata kidogo. Alinivalisha jaketi la kuelea, akavuta kila mkanda, kisha akavuta tena. Mtu mzembe havuti mara ya pili.

Kabla ya kuingia alinionyesha kamba iliyofungwa kwenye nguzo mbili za kibanda. Kila anayeingia majini huning'iniza viatu vyake hapo, na akitoka huvivaa. Wakati wa kufunga, kamba ikiwa tupu, watu wote wametoka. Ikiwa na kiatu, mtu bado yuko majini, na hapo kipenga hupigwa na watu hutafutwa. Alinieleza yote hayo vizuri kabisa, na niko tayari kuapa mbele ya yeyote. Lakini mimi macho yangu yalikuwa baharini na masikio yangu yameyafuata macho. Nililosikia ni kwamba viatu vinakaa pale. Nikaona ni ustaarabu, sawa na kuvua viatu mlangoni kwa watu, nikaning'iniza ndala zangu.

Afande aliniuliza nieleze kilichotokea majini. Nililala juu ya ubao, yeye akashika nyuma. Akaniambia, "Likija usipigane nalo, mama, liache likubebe." Wimbi la kwanza lilinijaza maji puani. La pili likanibeba. Sijui nisemeje, afande. Miaka mingi mimi ndiye ninayebeba, nimebeba watoto, nimebeba majora ya vitambaa, nimembeba mume wangu kumpeleka bafuni mwishoni mwishoni. Leo kitu kimenibeba mimi, na kimenipeleka mpaka mchangani nikiwa napiga kelele kama msichana. Nilicheka mbavu zikauma. Nikamwambia mwalimu turudi, na tukarudi, tena na tena, mpaka akasema mikono yangu imechoka hata kama mimi sijui.

Tulipotoka alinipa maji ya kunywa, akanikalisha kivulini, akaniambia nipumzike, kwani wanafunzi wake wengine walikuwa wamefika. Aliingia nao majini. Hapo ndipo alipopita mtembeza wageni, mwanamume mrefu mwenye darubini shingoni, anakusanya watu wa kwenda kuangalia ndege kwenye mikoko. Nikamuuliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja. Akasema ipo, ila huko ni tope tupu, viatu havitakiwi. Nikamwambia vyangu vina pa kukaa.

Niseme wazi kosa lilipo. Nilipoondoka nilimpungia mwalimu mkono. Yeye alikuwa kwenye maji, na papo hapo akainua mkono. Nikajua ameniaga. Kumbe alikuwa anamwelekeza mwanafunzi wake na mimi hakuniona kabisa. Mtembeza wageni naye hakujua habari ya ndala, maana watu wake hubeba viatu vyao kwenye mikoba. Kwa hiyo mimi nilikwenda zangu, na ndala zangu zikabaki kwenye kamba zikisema niko baharini.

Huko kwenye mikoko nilistarehe. Tulitembea kwenye maji ya kifundo, mizizi imesimama pande zote, tukaona korongo mweupe amesimama mguu mmoja bila haraka yoyote. Mtembeza wageni alituomba tunyamaze ndege asiruke. Tulikuwa tumenyamaza vizuri, kisha nikakaa chini kwenye tope ghafla, yaani nilianguka, na ndege akaruka. Hakuna aliyenigombeza. Kule hakuna simu inayoshika na sikumkumbuka mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Nasema ukweli wangu ulivyo.

Tulirudi karibu saa kumi na moja. Tulipopanda kile kilima cha mchanga nilisikia kipenga kinapigwa mfululizo. Chini niliona watu wamejipanga ufukweni wanatazama majini, wengine wamejishika vichwa. Katika maji marefu, mbali kupita pale nilipokuwa mimi, niliona watu wawili. Mmoja alikuwa mwalimu. Alikuwa amemkamata mwanamume kwapani na kumvuta kuja nchi kavu, na huyo mwanamume alikuwa anatapatapa na kumkwida mwenzake. Wimbi likawafunika wote wawili. Nikasema moyoni, maskini, sijui mama wa huyo yuko wapi. Wakaibuka, na yule mwanamume akageuka upande wetu, nikaona shati. Lile shati la mistari nimelishona mimi, mfuko wake niliushona upande wa kulia kwa sababu mwanangu anatumia mkono wa kushoto.

Afande, nilikimbia. Sijakimbia tangu sijui lini. Watu walinipisha.

Nilipofika alikuwa amelazwa mchangani, anatapika maji, suruali na viatu mwilini. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kando yake, goti lake linavuja damu, anamgonga mgongoni. Alipoinua macho akaniona, alisema, "Mama, ndala zako," kisha akaangua kilio palepale kama mtoto. Alikuwa amenitafuta tangu alipotaka kufunga kibanda. Aliziona ndala kwenye kamba, akadhani nimerudi majini peke yangu, akapiga kipenga, akaingia mwenyewe mpaka kwenye miamba, akatoka, akaingia tena. Watu waliokuwa pale wameniambia hivyo na afande anaweza kuwauliza.

Mwanangu aliponiona aliinuka kwa magoti. Alinishika uso, akanishika mabega, akanigeuza kama mtu anayekagua nguo. Baada ya hapo ndipo alipofoka. Alimwambia mwalimu, "Umemchukua mama yangu! Umemtia baharini mtu wa umri huu!" Mimi nilikuwa nasema, "Mwanangu, nisikilize," lakini alikuwa hasikii. Mkwe wangu alikuwa ameshapiga simu polisi, na askari walipofika walimkuta mmoja anapiga kelele na mwingine yuko kimya. Wakamchukua aliyekuwa kimya.

Hapa kituoni nimesomewa malalamiko ya mwanangu. Yanasema mwalimu alinichukua bila idhini ya familia, akanitia hatarini, akanitelekeza. Hakuna mahali panaposema kwamba yeye mwenyewe aliingia majini, wala nani alimtoa. Afande ameniambia mwalimu akishtakiwa kibali chake cha kufundisha ufukweni kitafutwa. Hiyo ndiyo kazi yake na hana nyingine. Ndiyo maana nimekuja na tope langu.

Mwanangu si mwongo. Ameona haya. Yeye hajui kuogelea, hata kidogo. Aliamka, akaambiwa mama yako hayupo, akakuta ndala zangu kwenye kamba na watu wanamtafuta mwenye nazo majini, akaingia baharini na viatu vyake kunitafuta. Yeye anaona ni aibu kwamba alitolewa na mwanamke mbele ya watu. Mimi naona sijawahi kupendwa hivyo hadharani. Na mwalimu aliacha kunitafuta mimi, aliyedhani nimeshazama, akaenda kumwokoa mtu aliye hai anayemkwida. Sasa yupo kwenye sakafu ya afande.

Swali: Ni nani aliyekupa ruhusa ya kuingia majini?
Jibu: Nilijipa mwenyewe.

Swali: Mwalimu alikushawishi au kukudanganya?
Jibu: Mimi ndiye niliyemshawishi. Aliniuliza maswali mengi kuliko afande.

Swali: Je, uliona hatari yoyote?
Jibu: Niliiona nilipokuwa juu ya kilima, nayo ilikuwa ya mwanangu. Yangu mimi haikuwepo.

Swali: Una malalamiko dhidi ya mwalimu?
Jibu: Sina. Kosa la ndala ni langu na adhabu yake nipewe mimi. Na naomba iandikwe kwamba, ukiondoa ile nusu saa ya mwisho, siku yangu ilikuwa nzuri sana.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyaona kwa macho yangu, sikuongeza wala kupunguza. Nimesaini kwa mkono wangu.

(Saini ya shahidi)

MAELEZO YA OFISA

Shahidi amesomewa maelezo haya na ameyathibitisha, baada ya kudai neno "kikongwe" lifutwe mahali palipokuwa pameandikwa. Limefutwa.

Mlalamikaji alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lililo wazi, na amekiri kwamba aliyasikia yote. Niliwaita ndani yeye na mwalimu. Nilimuuliza kama ni kweli alitolewa majini na mwalimu. Alijibu: "Ni kweli, afande. Ningekufa. Sijui kuogelea." Ameondoa malalamiko yake yote na kumwomba mwalimu radhi mbele yangu. Mwalimu ameipokea. Ameachiwa bila shtaka na kibali chake hakijaguswa. Goti lake limefungwa bandeji na mkwe wa shahidi.

Kabla ya kuondoka, mlalamikaji ameuliza kama watu wazima nao hufundishwa kuogelea. Nimemwambia hilo si swali la polisi. Mwalimu amejibu kwamba hufundishwa, ila siku ya kwanza ni lazima awepo mtu wa kumshika ambaye mwanafunzi hamwogopi. Mlalamikaji alimtazama shahidi.

Shahidi amesema atamshika yeye.

(Saini ya ofisa wa zamu)