Viatu vya Kuombea Kazi

Jumanne, Machi 1996

Eti vumbi inaua kompyuta. Kwa hivyo viatu vya dada, nilivyofuata hadi Kawangware jana, nikavibeba kwa juala, ule mfuko wa plastiki, kwenye matope yote ya kwetu Kianda, nikavivalia pale kwa geti ya ofisi, niliambiwa nivivue mlangoni.

Ndani, meneja mwenyewe alikuwa na tai na soksi yenye tundu. "Wewe msichana, kweli unaweza kuandika programu?"

Nilitazama kile kidole chake kikichungulia, nikakumbuka kwetu hakuna mwingine anayetafuta unga, nikakaa kwenye kompyuta. Niliandika. Programu ilikubali mara ya kwanza.

Akauliza kama najua pia kupika chai.

Naanza Jumatatu. Dada anataka viatu vyake Jumapili. Avichukue tu. Huko ofisini kwetu wataalamu tunatembea miguu mitupu.