Rangi ya Midomo ya Kukimbilia

Jumanne, Nyamitaba

Wewe utakayeokota daftari hili, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja, hasa mkuu wetu wa biro, kule ofisini. Alishasema karani atakayetia raia hofu barabarani atafukuzwa.

Nami ni karani, tena ninapenda kukimbia. Kila asubuhi kabla ya kazi, hadi karibu na kijiji cha Kibabi, na hereni zangu, na midomo nimeipaka rangi vizuri. Leo nilichelewa kuamka, nikatoka bila kujipamba.

Mama Furaha alikuwa akipalilia maharagwe kando ya njia. Aliponiona naja mbio, akatupa jembe, akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia. Majirani wakamfuata na magodoro. Huku kwetu mtu akikimbia, hatuulizi kwanza.

Nikawakimbilia hadi nikawafikia. Kazi yangu imekwisha, nikawaza.

"Vita iko wapi?" Mama Furaha akauliza.

"Hakuna, Mama. Ni mazoezi tu."

Akanitazama usoni. "Kumbe njo wewe? Rouge yako ya midomo iko wapi leo? Sisi tunakuonaka na rouge, tunajua hakuna kitu. Nani atajipaka juu ya kukimbia vita?"

Wakacheka hadi mmoja akakalia godoro lake njiani. Nikawaomba wasinishitaki.

"Tukushitaki juu ya nini?" akajibu Mama Furaha. " Kesho ujipake, dada. Na nyingi."

Nimefurahi mno: kazi yangu imepona.

Ukitaka kunirudishia daftari, usije biro. Nisubiri asubuhi kwenye shamba la Mama Furaha. Ukiona mtu anakuja mbio na Mama anaendelea kupalilia, huyo ni mimi.