Picha za Bibi Harusi Ndani ya Kikokotoo

Mpendwa Bi Tabia,

Nnaomba unisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni mpambaji wa maharusi, nakaa Malindi, hapa Unguja mjini, kazi yangu naijua na watu wananijua, na Mfunguo Mosi uliopita, mwezi unaofuata Ramadhani, nilikwenda Matemwe kumpamba bibi harusi mmoja, Ummkulthum, nikamtia hina na wino mweusi wa piko mpaka mabegani, nywele nikazifungua, na kama unavyojua siku ya wanawake peke yao simu haziingii, somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, Bi Mashavu, alisimama mlangoni na kapu anazikusanya moja moja hata za watu wazima, lakini mimi yangu akaniachia kwa sababu lazima nipige picha bibi harusi ajione mgongo na nyuma ya kichwa, akaniambia, "Ukishamuonesha zifute, mwanangu," nikamjibu, "Naam Bi Mashavu, n'tazifuta."

Sikuzifuta, kwa sababu siku hizi bila ya picha hupati mteja, lakini sikuziacha ovyo, Bi Tabia, mimi si mjinga, kaka yangu Munir aliniwekea programu ya kuficha picha, ya bure, ukiitazama ni kikokotoo cha hesabu tu mpaka ubonyeze nambari zako za siri ndipo inafunguka, ina nyota tele na watu wameisifu, na ilipoomba ruhusa ya picha, ya majina ya watu, ya kipaza sauti, ya mahali nilipo, nikabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kwani ningejuaje? Sasa wiki iliyopita Ummkulthum anatazama video kwenye simu yake, linatokea tangazo la programu ya kurembesha sura, na aliyemo ni yeye mwenyewe, kichwa wazi, mabega wazi! Munir kuchunguza anasema programu zote mbili ni za watu hao hao, na kila picha niliyoificha ilikuwa inapelekwa kwao.

Kule Matemwe wamemshika Ulfat, wifi yake bibi harusi, msichana anasoma chuo Tunguu, ati yeye ndiye aliyeingiza simu ya pili ndani ya kanga kwa sababu alionekana kutoka na kurudi, na kwao mchumba wake washaanza kusitasita. Mimi hakuna aliyenitaja, wanajua nilizifuta. Munir simsemeshi, na hao wezi wa picha ningewapata ningewang'ata. Ninachotaka kujua ni kimoja tu: programu gani ya kuficha picha ni ya kuaminika, ili hili lisinifike tena?

Mpambaji, Malindi

BI TABIA ANAJIBU

Mpambaji, majina yenu nimeyabadilisha yote. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali utakapouliza ufanye nini kuhusu Ulfat, sikupaona.

Hasira unazo, nami ninazo, ila zangu zimekuelekea wewe. Hao waliochukua picha ni wezi, sina neno jengine kwao, na pole kwa kuibiwa. Lakini wao hawakumuahidi Bi Mashavu kitu. Wala Munir hakumuahidi, basi msemeshe kaka yako.

La programu nitakujibu, maana wengi wanaosoma hapa wana vikokotoo kama chako. Nyota si ushahidi, zinanunuliwa. Uliza nani kaitengeneza, ana jina na anwani, na anakula wapi ikiwa wewe humlipi? Kisha tazama inachoomba. Kikokotoo kinataka kipaza sauti chako cha kazi gani? Fundi akija kukutilia kitasa mlangoni akataka na majina ya jamaa zako wote, ungemtoa mbio! Hata hizo VPN za bure mnazowekeana mkidhani zinakulindeni, kila unachofanya mtandaoni kinapita mikononi mwa mwenye nazo, na wengi wenu hamumjui. Simu nyingi za sasa zina sehemu yake yenyewe ya kufungia picha, na hiyo ni afadhali. Hiyo ni kwa picha zako wewe. Kwa picha ya bibi harusi uliyoambiwa na somo wake uifute, sikutajii programu yoyote, kwa sababu ilitakiwa isiwepo. Wateja waoneshe mikono yenye hina, na hata hiyo mikono uiombee ruhusa.

Na humo ndani ya kikokotoo mna maharusi wengine wangapi? Umenyamaza kimya. Wapigie wote, mmoja mmoja, uwaambie. Tangazo lipige picha kabla halijatoweka, liripoti hapo lilipotokea, peleka ushahidi polisi. Halafu ifute programu pamoja na akaunti yake. Zilizokwishakwenda huenda zisirudi, na hilo utalibeba.

Lakini hayo ya simu yafanye ukiwa njiani, kwa sababu leo hii unakwenda Matemwe. Usitume ujumbe wa sauti. Mwombe Bi Mashavu awaite wanawake wale wale waliokuwapo siku ile, na useme mbele yao kwamba simu ilikuwa yako. Watakutukana, na kazi za huko utazikosa, pengine na za mjini. Haidhuru, hina utaipaka tena. Msichana akishavunjiwa uchumba kwa jambo asilolifanya, hakuna wa kumpamba akapendeza.

Ukifika utataka kumkimbilia Ummkulthum umtake radhi, kwa kuwa ndiye mteja wako. Mpite. Anza na Ulfat.