Asumini Ndani ya Eda

Sur, 3 Novemba 2024

Ghanima,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na kifua kimepoa, maana vumbi la Ibra halina huruma. Sisi huku wazima, ila goti langu, nalo nimeshalizoea.

Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua hii anakuletea shemeji yako Ghaith, akipita Ibra kwenda kazini Nizwa.

Wifi yako Taghreed alikuja huko kukutazama Ijumaa. Alirudi amenuna, mpaka nikamwuliza. Akasema, "Mama, wifi yangu ananukia asumini kama bibi harusi." Mwanangu Muhanna ana miezi miwili kaburini. Wewe umo ndani ya eda. Mjane hajitii manukato wala hajifukizi udi mpaka eda yake iishe, na hilo hukujifunza jana. Nieleze, na unieleze vizuri, kwa sababu watu wa Sur wana masikio marefu.

Mama mkwe wako,
Mabruka


Ibra, 5 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Waalaykum salaam. Kifua kimetulia. Goti likande kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, usingoje mpaka lifure.

Umeniuliza, nitajibu. Lakini na mimi nina swali: tangu lini pua ya Taghreed imekuwa kadhi? Alikaa kwangu, akanywa kahawa, akala halua, akanibusu akaondoka. Hakuniuliza neno. Swali akalibeba njia nzima mpaka Sur, na lilipofika kwako likawa hukumu.

Sikujipaka kitu. Unaijua kazi tuliyoianza mimi na marehemu: mishumaa ya kuelea juu ya maji, ile ambayo kambi za wageni Bidiya huiwasha kwenye mahodhi yao ya kuogelea. Tangu afariki sijatia hata tone la manukato kwenye nta. Ninayoimimina sasa haina harufu. Lakini ya zamani, ya asumini, bado imejaa chumba cha nyuma, na duka moja la Nizwa linaitaka, ila katika maboksi mapya yenye jina. Taghreed alinikuta nikiitoa kwenye maboksi ya zamani na kuifunga upya. Muuza samaki hunuka samaki, mama. Hakuna anayesema kajipaka.

Mkaza mwanao,
Ghanima


Sur, 9 Novemba 2024

Ghanima,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, na maneno yako pia. Salamu zilikuwa fupi.

Samaki hakukatazwa. Manukato yamekatazwa. Usinichezee kwa mifano. Wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma watu. Mjane anayefanya biashara ya asumini ndani ya eda, hata asipojipaka, amejiweka mwenyewe midomoni mwa watu. Na jina litakalotafunwa si lako, ni la mwanangu, ambaye hawezi tena kujitetea.

Nimekata shauri. Jumamosi ijayo Ghaith atakuja na gari. Funga nguo zako, umalizie eda hapa kwangu, mbele ya macho yangu. Zile kalibu za kumiminia nta mpe jirani. Nyumba ya Ibra tutaifunga.

Mama mkwe wako,
Mabruka


Ibra, 12 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Goti silisahau, ila leo naandika kwa hasira. Mungu aliponye, na hasira yangu aipoze.

Unataka kuilinda eda yangu kwa kuivunja. Mjane hukaa eda katika nyumba ya mumewe, na nyumba ya mume wangu ni hii. Ukinitoa kwa kuwaogopa majirani wa Sur, basi majirani ndio umewafanya dini. Nimeuchoka mtindo huu: mwanamume akifa, kila mtu anakuwa mlinzi wa mkewe, na hapana hata mmoja anayemwuliza amekula nini.

Nilimwuliza Bi Radhia, anayetusomesha wanawake wa mtaa huu. Akasema harufu iliyonasa kazini si kujipamba, ila nikiweza kuiepuka, niiepuke. Nimeiepuka. Duka la Nizwa nimelikatalia. Lakini si kwa ajili ya Bi Radhia, wala kwa ajili yako.

Maboksi yale aliyafunga Muhanna, wiki ile kabla ya kulazwa. Alikuwa akifunga alfajiri, kabla jua halijailainisha nta ikashikana. Kila mshumaa na karatasi yake, kisha pembe ya karatasi anaikunja mara mbili na kuichomeka ndani, bila gundi. Mimi nikitumia gundi, naye akinicheka. Siku aliyokuja Taghreed nilikuwa nikizivua karatasi zake na kuzitupa kama taka. Alipoondoka, nikaziona zimelala sakafuni, pembe bado zimekunjika. Nikaacha hapo hapo.

Ghaith akija Jumamosi atapewa kahawa na boksi moja akuletee. Mimi hatanipata. Akitaka kunitoa kwa nguvu, na anitoe mchana. Watu wa Ibra nao wana masikio.

Mkaza mwanao,
Ghanima


Sur, 1 Desemba 2024

Mwanangu Ghanima,

Assalaam alaykum. U hali gani, na unakula nini? Swali la pili nimechelewa kukuuliza.

Ghaith alirudi na boksi, bila wewe, na akakaa garini muda kabla ya kuthubutu kuingia ndani. Nilitaka kulirudisha siku ile ile. Kisha kwenye tundu la kifuniko nikaiona ile pembe.

Tulipohamia huku kutoka Unguja, baba yao alikaa muda mrefu bila kazi. Nikawa napika kashata, natembeza nyumba kwa nyumba. Gundi hatukuwa nayo. Muhanna alikuwa mdogo, nikamfundisha kukunja pembe mara mbili na kuichomeka. Watu wa Sur walisema Mabruka kaleta ushamba, anagonga milango ya watu na sinia kichwani. Walisema, na kashata walikula. Nilikuwa nimeshayasahau maneno yao. Wewe nikakutupia yale yale.

Hapana anayekuja kukuchukua. Kaa nyumbani kwenu. Kalibu kama umempa jirani, mwambie Mabruka anazitaka, zirudi kwako.

Boksi sijalifungua. Nimelilaza kitandani kwangu, upande wa ukutani. Taghreed alitaka alifungue, nikamwambia aipumzishe pua yake. Jana alikuja kunibusu asubuhi, akasita, akaninusa begani. "Mama," akasema, "umejitia asumini?"

Nikamwambia sikujipaka kitu.

Mama yako,
Mabruka